Filamu Ambayo Bi Kadi Hakuitazama

Mlango wa maktaba ulikuwa umefunguliwa upande mmoja tu pale mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi alipojipenyeza ndani, akaenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya kuazimia vitabu. Akaweka kasha la filamu mezani. Juu ya kasha kulikuwa na kadi ya njano iliyobandikwa kwa gundi, imeandikwa kwa mkono, herufi za mviringo zimekaa sawasawa kama zimepigiwa rula.

"Nani ameandika hii?" akauliza.

Aliyekuwa mezani ndiye aliyeiandika. Jina lake halisi wasomaji wengi hawakulijua. Walimwita Bi Kadi, kwa sababu ya hizo kadi. Karibu na dirisha kulikuwa na rafu iliyoandikwa "Sisi Wenyewe Tumependa", na kila mwezi kila mfanyakazi wa maktaba alitakiwa kuweka pale vitabu na filamu alivyowachagulia watu wazima, kila kimoja na kadi yake ya maelezo. Wenzake waliandika "Kizuri sana" au "Ina mafunzo" wakamaliza kazi. Bi Kadi aliandika maneno ambayo watu waliyapiga picha kwa simu. Alijua mjane asome nini, na fundi bomba aliyeachishwa kazi atazame nini. Wapo waliokuja maktaba miaka nenda rudi bila kuuliza kitabu kwa jina. Waliuliza tu, "Bi Kadi katuwekea nini mwezi huu?"

"Ni mimi," akasema. "Diski ina tatizo?"

"Diski haina tatizo. Baba yangu hayupo."

Muuguzi alizungumza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyezoea kuwapa wengine habari mbaya na leo zimemgeukia yeye. Jana jioni, kabla ya kwenda zamu, alimwekea baba yake ile filamu ili asikae peke yake na ukuta. Aliporudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuta kitanda kimetandikwa, televisheni inawaka, picha imeganda. Mezani kulikuwa na kipande cha karatasi chenye neno moja: Usinisubiri. Simu aliiacha. Miwani aliiacha.

"Ana kisukari," akaendelea. "Sindano ya asubuhi kajichoma, nimeiona kwenye kopo la taka. Chakula hakukigusa. Mtu akichoma sindano asile, sukari inashuka. Anatetemeka, anatoka jasho, anaanza kusema maneno yasiyoeleweka, halafu anaanguka. Nimekwenda polisi. Wameniambia mtu mzima akitoka nyumbani kwake hajapotea, katembea, nirudi kesho. Majirani hawajamwona. Nimebaki na hiki tu." Akagonga kasha kwa ukucha. "Baba ameendesha treni miaka thelathini na moja. Wenzake walimwita Mzee Saa, hajawahi kuchelewa hata siku moja. Nilichukua hii kwa sababu ya ulichoandika."

Akasoma kadi kwa sauti, polepole, kama anasoma cheti cha mgonjwa.

"'Stesheni ndogo, mkuu wa stesheni mbishi, na treni isiyofika. Utacheka mwanzo hadi mwisho. Kama una mzee aliyewahi kufanya kazi ya reli, mpelekee hii, atakushukuru.' Sasa niambie, dada. Kuna nini humo ndani?"

Mambo haya yalianza na kitabu kimoja kinene, miaka miwili nyuma. Alikisoma hadi katikati, mwezi ukaisha, Mkuu wa maktaba akadai kadi, naye akaandika kadi nzuri kwa kubahatisha nusu iliyobaki. Hakuna aliyegundua. Msomaji mmoja hata alimletea ua. Mwezi uliofuata akaandika kadi ya filamu kwa kusoma nyuma ya kasha tu. Halafu nyingine. Hakuwa mvivu, alikuwa amechoka, na sifa zilikuwa zimemzidi kimo. Mtu anayeitwa Bi Kadi hawezi kusema mwezi huu sina. Kasha la filamu hii lilikuja ndani ya boksi la msaada, siku ya Ijumaa, saa moja kabla ya kufunga. Lilikuwa na picha ya mwanamume mnene aliyevaa kofia ya stesheni, kuku kakaa juu ya kofia. Ilimtosha.

"Ni ya kuchekesha," akasema.

"Picha iliganda kwenye dakika ya hamsini na mbili. Ni reli, na kiatu katikati ya reli. Kiatu cha nani?"

"Sikumbuki vizuri..."

"Jaribu."

Angeweza kusema lolote, na yule mwanamke angeondoka nalo akalitumia kumtafuta baba yake.

"Sijui," akasema Bi Kadi. "Sikuitazama."

Muuguzi hakupaza sauti. Alimtazama kama anavyomtazama mwenzake wa wodini aliyechoma dawa bila kusoma chupa.

"Hukuitazama."

"Sikuitazama. Nilisoma nyuma ya kasha."

Wakati huo huo Mkuu wa maktaba akatokea, mwanamume nadhifu mwenye rundo la funguo kiunoni, akauliza kuna nini. Alipoelezwa, alivuta droo akatoa fomu ya malalamiko. "Mama, tafadhali jaza hapa, jina na namba ya uanachama," akasema. Muuguzi aliiangalia ile fomu, kisha akamwangalia yeye, na Mkuu akairudisha mwenyewe kwenye droo.

"Nipe ufunguo wa chumba cha kutazamia," akasema Bi Kadi.

Chumba kile kilikuwa kidogo, viti sita vya plastiki na pazia zito lililonuka vumbi. Bi Kadi aliingiza diski na kuisogeza hadi dakika ya arobaini. Wakasimama wote wawili, hakuna aliyekaa. Kwenye skrini, mkuu wa stesheni alikuwa anagombana na kuku aliyetagia kwenye daftari la tiketi. Kweli ilikuwa ya kuchekesha. Muuguzi alitazama kuku bila kupepesa macho, kidole kimoja kikiwa kwenye saa yake ya mkononi.

Dakika ya arobaini na tisa mambo yakabadilika. Treni iliyosubiriwa tangu mwanzo ikaonekana. Ndani ya kichwa cha treni dereva anakunywa chai, anatabasamu. Mbele kuna kivuko, barabara ndogo inakatiza reli. Mtoto yuko pale. Dereva anadondosha kikombe, anavuta breki, anabana honi. Honi ikajaza chumba, ikadumu, ikadumu, hadi Bi Kadi akatamani kuziba masikio. Kisha kimya. Kiatu kidogo katikati ya reli.

Dakika ya hamsini na mbili.

Muuguzi akakaa. Alikaa kama mtu aliyesukumwa.

"Nilikuwa darasa la sita," akasema. "Baba alirudi nyumbani akalala siku tatu. Mama alituambia ana malaria."

Alitoa simu, akatafuta namba ya mtu mmoja, msaidizi wa zamani wa baba yake, aliyekaa naye kwenye kichwa cha treni miaka kumi na minne. Aliiweka kwenye kipaza sauti.

"Mjomba, shikamoo. Baba hayupo nyumbani. Nataka unijibu jambo moja, usinizungushe. Baba aliwahi kugonga mtoto?"

Upande wa pili mtu akakohoa.

"Nani kakwambia?"

"Mjomba, nijibu."

"Alisema wewe usijue kamwe. Mama yako naye aliapa. Ni kwenye kivuko cha kiwanda cha matofali. Mtoto wa kiume, miaka minane hivi. Mimi nilikuwa upande wa kushoto, nilimwona kwa macho haya. Imepita miaka ishirini na mbili, mwanangu. Baba yako amekwenda huko?"

"Sijui. Ndiyo maana nakuuliza."

"Basi sikiliza. Ile treni ya mzigo bado ipo, ratiba ni ile ile. Inapita pale saa saba na robo. Siku za mwanzo, baada ya ajali, aliwahi kuniambia... Mwahini tu. Msipoteze muda kuongea na mimi."

Ilikuwa saa nne kasorobo. Kutoka pale hadi kiwanda cha matofali ilikuwa saa mbili barabara ikiwa safi, na haikuwa safi, ilikuwa inachimbwa.

"Nakuja na wewe," akasema Bi Kadi.

"Ya nini?"

"Sijui. Ukisema nibaki, nitabaki."

Muuguzi alimtia mfuko mkononi. Ndani mlikuwa na chupa mbili za soda, pakiti ya sukari na kipimo cha damu. "Utashika hii. Usiiachie."

Mkuu wa maktaba aliwafuata hadi mlangoni. Alimvuta Bi Kadi kando, akamnong'oneza kwamba habari hii inaweza kufika mbali, kwamba kuna bodi, kwamba akitoka atoke kwa jina lake na si kwa jina la maktaba.

"Kadi ni mwandiko wangu," akasema Bi Kadi, akaingia kwenye teksi.

Dereva wa teksi alikuwa mtu wa maneno, lakini alitazama nyuso kwenye kioo mara moja tu, akazima redio. Walikwenda vizuri mwendo wa saa nzima. Halafu wakakuta foleni, lami imebanduliwa, kijana wa ujenzi amesimama na kibendera chekundu. Magari yalipita upande mmoja kwa zamu. Zamu yao haikufika. Muuguzi alifungua mlango, akaenda mbele kwa miguu, akaongea na yule wa kibendera, akarudi. Hawakupita. Vumbi liliingia hata vioo vikiwa vimefungwa.

"Ngapi?" muuguzi akauliza ghafla, akitazama mbele.

"Nini?"

"Hizo kadi. Ngapi umeandika bila kusoma wala kutazama?"

Bi Kadi alikuwa amezihesabu tangu walipotoka, hakuhitaji kufikiri. "Ishirini na moja. Na hii ishirini na mbili."

"Mwaka juzi mama alipokuwa amelazwa, kabla hajafariki, nilichukua kitabu kwenye rafu yenu. Cha yule mama anayewaaga watoto wake. Nilikisoma kwenye korido, usiku wa siku mbili. Kadi yako ilisema kitaniumiza lakini hakitaniacha peke yangu. Niliibakiza ile kadi, iko kwenye pochi yangu mpaka leo." Sasa akamgeukia. "Kile ulikisoma?"

"Kile nilikisoma mara mbili. Nilipofiwa na dada yangu."

Muuguzi alimchunguza usoni kwa muda mrefu, akageukia dirisha.

"Sasa nitajuaje kama ni kweli?"

Kijana wa ujenzi akainua kibendera cha kijani na teksi ikaondoka.

Walifika kwenye kivuko saa saba na dakika sita. Upande huu palikuwa na kibanda cha mlinzi na mti wa kuzuia magari, mrefu, mistari myekundu na myeupe. Upande wa pili wa reli kulikuwa na safu ya maduka madogo, na nyuma yake bomba la moshi la kiwanda. Mlinzi wa kivuko alikuwa mwanamke aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa, filimbi shingoni.

"Mzee mrefu, mwembamba, anashikilia saa mkononi?" akasema. "Nimemfukuza mara mbili leo. Amefika saa tatu na nusu, akasimama katikati ya reli kabisa, anaangalia chini kama kapoteza sarafu. Nikamwambia babu, hapa si pa kupumzikia. Akaniomba radhi vizuri tu. Akaniuliza kama mama wa yule mtoto bado anaishi huku. Nikamwonyesha duka lake lile pale, la madaftari. Akavuka. Sijamfuatilia tena."

Kengele ikaanza kulia. Mlinzi akaacha kuongea, akashika mpini, na ule mti ukaanza kushuka.

Hapo ndipo muuguzi alipomwona. Alikuwa upande wa pili, nyuma ya mti mwingine wa kuzuia, amesimama karibu nao mno. Shati lake lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Mkono mmoja ulikuwa juu ya mti. Alikuwa anayumba kidogo kidogo, kama mtu aliyesinzia kwa kusimama.

"Baba!"

Hakusikia, au hakuelewa. Muuguzi akainama kupita chini ya mti, na mlinzi akamdaka kiunoni kwa mikono yote miwili. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu. "Hupiti," akamwambia sikioni. "Mimi nikiwa hapa mtu hapiti. Nifinye, niume, hupiti."

Treni ikapiga honi. Bi Kadi aliisikia ikidumu kama kwenye filamu. Akamwona mzee akiinua uso kuelekea ule mlio, na mkono wake ukateleza kutoka juu ya mti kwenda chini, kama anatafuta pa kupitia. Kisha kichwa cha treni kikapita katikati yao na hawakuona kitu tena.

Yalikuwa mabehewa ya mzigo, ya kahawia, marefu. Kati ya behewa na behewa kulikuwa na mwanya wa kupepesa jicho. Bi Kadi aliutumia kila mwanya. Aliona ukuta wa duka. Aliona baiskeli. Aliona mti wa kuzuia, na hakuna mkono juu yake. Mwanya uliofuata, hakuna mtu. Muuguzi alikuwa ameacha kupambana na mlinzi. Mabehewa hayakuwa yanaisha.

La mwisho likapita. Hata kabla mti haujainuka walikuwa wameshaanza kukimbia.

Mzee alikuwa chini, upande wa salama, hatua tatu nyuma ya mti. Amelala ubavu, kichwa chake kiko mapajani kwa mwanamke wa makamo mwenye kalamu sikioni.

"Nimemvuta," yule mwanamke akasema. "Alikuwa anaporomoka kuelekea mbele, nikamvuta kwa ukosi wa shati. Shati limechanika, mtanisamehe. Ni wenu?"

Muuguzi alishapiga magoti. "Soda," akasema, na Bi Kadi akampa. "Sukari." Akampa. Alimpaka sukari ndani ya shavu, akasubiri, akamnywesha soda kidogo kidogo kwa kifuniko cha chupa. Alimtoboa kidole, akasoma kipimo, akakunja uso, akaendelea. Zikapita dakika kumi. Kisha mzee akafumbua macho, akaangalia saa yake kwanza, halafu binti yake.

"Imepita?" akauliza.

"Imepita, baba."

"Kwa wakati?"

"Kwa wakati."

Walimwinua hadi kwenye benchi mbele ya duka. Yule mwanamke ndiye aliyekuwa mwenye duka la madaftari; alileta mkate na chai ya rangi, akatia sukari nyingi bila kuuliza. "Alikaa kwenye benchi hili tangu saa nne," akawaeleza, kwa sauti ya mtu anayejaribu kupunguza uzito wa mambo. "Nilimuuliza anataka nini, akasema anatafuta maneno. Nikamwambia mimi nauza madaftari, mzee, maneno utaleta mwenyewe."

Mzee Saa alitafuna mkate wote. Alimaliza, akapangusa makombo magotini, akasema, "Mama, mimi ndiye niliyeendesha ile treni."

Mwenye duka alikuwa anakusanya vikombe. Aliendelea kuvikusanya, kimoja, kingine, akavipanga kwenye sinia. Kisha sinia likabaki mikononi mwake.

"Treni ipi?" akauliza, ingawa alijua.

"Ya mwanao."

Muuguzi alimshika baba yake bega kama kumzuia, lakini mzee aliutoa mkono wake taratibu.

"Niache, mwanangu. Jana nimeona picha kwenye televisheni, nikaisimamisha, nikakaa mpaka asubuhi. Nilipotoka nyumbani sikuwa najua nakuja kuongea au nakuja kwa jambo lingine. Hata sasa hivi pale sikuwa najua." Akamgeukia mwenye duka. "Ripoti ilisema mtoto alikuwa anacheza kwenye reli. Umeisoma?"

"Nimesomewa," mwenye duka akasema. "Ofisa alinisomea hapa hapa, kasimama. Anacheza kwenye reli. Mume wangu amekufa akiamini mtoto wetu alikuwa mtukutu na mimi ndiye niliyemlea vibaya. Mama mkwe alinitamkia hivyo msibani. Miaka ishirini na mbili watoto wa mtaa huu wakikaribia reli wanaambiwa, mtakuwa kama yule."

"Hakuwa anacheza."

Sinia likalia, vikombe vikagongana.

"Alikuwa anavuka kama mtu yeyote anavyovuka," akasema mzee. "Begi mgongoni. Kiatu chake kilinasa kwenye pengo la mbao za kivuko, mbao zilikuwa zimeoza, tulikuwa tumeripoti mara mbili. Aliinama akawa anakivuta. Nilipiga honi, nilivuta breki, treni ya mzigo haisimami kama baiskeli. Aliinua uso akaniona. Akarudi kukivuta tena, nadhani aliogopa kurudi nyumbani bila kiatu. Niliandika hivyo. Wakubwa wakaniita, wakaniambia ikisomeka mbao zimeoza ni shirika litalipa na mimi nitakosa kazi. Wakaandika yao. Nikatia saini. Nilikuwa na binti shuleni. Nikatia saini."

Mwenye duka aliweka sinia chini, sakafuni, maana hakuona mahali pengine. Alikaa upande wa pili wa benchi. Alikaa muda, mikono mapajani, akiitazama ile reli. Bi Kadi alidhani atalia, au atampiga yule mzee, na asingemlaumu kwa lolote kati ya hayo.

"Vilikuwa viatu vipya," hatimaye akasema. "Nilimwambia akivipoteza asirudi."

Hapo ndipo akainama, akajifunika uso kwa kanga.

Alipoinua uso aliingia dukani, akatoka na daftari jipya la kurasa arobaini na nane, akalifungua ukurasa wa kwanza, akalisukuma kwa mzee. "Andika," akasema. "Yote. Na saini yako."

Mzee alitafuta mfukoni. "Sina miwani. Sioni mstari."

Muuguzi alikuwa ameshika mkono wa baba yake, anahesabu mapigo. Akamtazama Bi Kadi.

Bi Kadi akachukua kalamu. Mzee akawa anasema, yeye anaandika, kwa zile herufi zake za mviringo. Alipofika kwenye habari ya mbao, mzee alisema, "Zilikuwa mbovu, sote tulijua," na Bi Kadi, kwa mazoea ya miaka, akaandika sentensi nzuri zaidi, yenye mwendo. Mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yake anasoma.

"Hakusema hivyo," akasema.

"Nimeiweka vizuri tu, maana ni ile ile."

"Usiiweke vizuri. Andika alivyosema."

Bi Kadi akaifuta ile sentensi kwa mstari mmoja, akaandika: Zilikuwa mbovu, sote tulijua. Aliandika ukurasa mzima na robo, mbaya, maneno yakijirudia, na mara tatu alimsimamisha mzee amuulize alimaanisha nini badala ya kukisia. Mwishoni alimsomea yote kwa sauti. Mzee akatia saini. Mlinzi wa kivuko aliitwa naye akatia yake kama shahidi.

Mwenye duka alichana kurasa zile taratibu ili zisichanike vibaya, akazikunja.

"Mpelekeni akale chakula cha maana," akamwambia muuguzi. Kwa mzee akasema, "Utarudi. Sikwambii nimekusamehe, usije ukafikiri hivyo. Lakini utarudi, nina maswali, na leo hayatoki."

"Nitarudi," akasema Mzee Saa. "Saa ngapi?"

Mwenye duka nusura acheke. "Saa yoyote, mzee. Duka linafungwa jioni."

Kesho yake asubuhi, kabla ya wasomaji kuingia, Bi Kadi alibandua kadi ishirini na mbili kutoka kwenye rafu na kutoka ndani ya vitabu vilivyokuwa vimerudishwa, akaziweka juu ya meza ya Mkuu pamoja na barua ya mstari mmoja. Mkuu alitaka mambo yaishe kimya kimya, akasema hakuna haja ya kujianika. Bi Kadi akamwambia kuna kadi ishirini na moja nyingine, na watu walioziamini. Akaomba orodha ya walioazima, akawapigia simu mmoja mmoja. Wengine walicheka. Mwalimu mmoja mstaafu alikata simu na hakurudi tena maktaba. Bodi ilimpa onyo la maandishi na kumwondoa kwenye rafu kwa miezi sita. Alipelekwa chumba cha nyuma kushona majalada yaliyochanika, na huko hakuna aliyemwita Bi Kadi.

Katika mwezi wa tatu wa adhabu hiyo, muuguzi aliingia kwenye kile chumba. Hakukaa, ingawa alivutiwa kiti. Alisema baba anaendelea vizuri, sukari imetulia, na kila Alhamisi anakwenda kwenye duka la madaftari, mara nyingine wanaongea, mara nyingine anamsaidia kupanga bidhaa na hakuna anayesema neno. Zile kurasa mbili zilipelekwa ofisi ya reli. Wamejibu kwamba wamezipokea. Mwenye duka ameibandika nakala ukutani, pale ambapo kila anayenunua kalamu anaisoma.

"Nashukuru kuniambia," akasema Bi Kadi.

Muuguzi alishafika mlangoni. Alisimama na mkono juu ya kitasa.

"Baba anakusalimu," akasema. "Mimi bado."

Akatoka, akaufunga mlango taratibu.